Hedifoni za kutayarishia muziki wa okestra katika nyumba ya mawe, Lamu: za wazi au za kuziba?

MSHONA NOTI (Mkomani, Lamu)

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu hedifoni za studio, kwa kuwa kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Kazi yangu ni kuandika na kutayarisha muziki wa okestra nyumbani. Huchukua tuni za kaswida na za nyimbo za zamani za pwani nikazipangia fidla, viola, selo, besi kubwa ya kusimama, filimbi na honi. Ala zote hizo hutoka kwenye kompyuta kwa njia ya sampuli, yaani noti za ala halisi zilizokwisha kurekodiwa. Ninachokipiga mwenyewe ni kinanda, na mara mojamoja udi, ambao huurekodi kwa maikrofoni. Nina kompyuta ya mkononi, intafesi ndogo ya sauti (kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na hedifoni na kompyuta) yenye tundu moja la hedifoni, na hedifoni za kuziba za kusikilizia muziki wa kawaida, ambazo besi yake imezidi kiasi kwamba timpani, zile ngoma za okestra, ikipigwa polepole husikika kama mlango unaobamizwa.

Spika za studio sina, na kwa sasa sidhani kama zitanifaa. Chumba changu ni cha ndani katika nyumba ya mawe ya kizamani: kirefu, chembamba, dari iko juu, kuta zimepigwa chokaa, na ukipiga kofi moja unasikia sauti ikirukaruka ukuta hadi ukuta. Isitoshe, kazi yenyewe huifanya baada ya Isha hadi usiku mwingi, saa ambazo watoto wa dada yangu wamelala chumba cha pili. Mchana haiwezekani, kwani kichochoro chetu ndicho njia ya punda wanaopandisha mchanga na mawe, na wachukuzi hawaachi kupiga kelele za kuomba njia.

Nimetenga shilingi 35,000, pamoja na gharama ya kuletewa mzigo kutoka Mombasa au Nairobi. Je, nichukue hedifoni za wazi au za kuziba? Hizi namba za omu, 32, 80, 250, 300, zinamaanisha nini kwa mtu mwenye intafesi ndogo kama yangu? Na kuna ubaya gani kutumia zisizo na waya, ambazo rafiki yangu yuko tayari kuniuzia kwa bei nzuri?

FUNDI WA SAUTI (Malindi)

Wa alaikum salaam, ndugu Mshona Noti. Suala la zisizo na waya tulimalize kwanza kwa kuwa halina mjadala mrefu: huchelewesha sauti. Ukibonyeza kinanda utaisikia noti ikifika nyuma ya kidole, na huwezi kupiga mstari wa fidla wa haraka ukiwa unasubiri sauti yako mwenyewe. Mwachie rafiki yako aende nazo matembezini.

Katika suala lako kuu, mimi ni mtu wa hedifoni za wazi, yaani zile ambazo kikombe chake kinapitisha hewa na sauti. Hedifoni za kuziba zina kikombe kisichopitisha hewa, kwa hiyo sauti inayotoka nyuma ya kiwambo, utando unaotetemeka kutoa sauti, hugonga kikombe na sehemu yake hurudi sikioni, ikikutana na ile iliyokwisha kutoka mbele. Watengenezaji wazuri hupambana na jambo hilo kwa ustadi mkubwa, ila ni nadra kulimaliza. Ukitayarisha wimbo wenye ngoma, besi na mwimbaji mmoja, utavumilia. Okestra haivumilii, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vyake imesongamana katikati: noti ya chini kabisa ya fidla ni Hz 196 (yaani mitetemo 196 kwa sekunde), ya viola ni Hz 131, ya selo ni Hz 65, na sehemu kubwa ya utajiri wa honi, klarineti na selo za juu umo baina ya Hz 200 na Hz 1,000. Kikombe kikiinua eneo hilo kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tatu tu, utakata selo ambazo hazikuwa na kosa lolote, kisha utashangaa kwa nini muziki wako, ukichezwa kwenye gari la mtu mwingine, umekonda.

Jambo la pili ni mwangwi. Sampuli nzuri za okestra hurekodiwa katika kumbi halisi. Baadhi ya zile zinazotumiwa sana na watunzi zimerekodiwa Lyndhurst Hall jijini London, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, na ukumbi huo umo ndani ya kila noti unayoipiga. Zaidi ya hapo, unapewa uchague maikrofoni: za karibu na ala, za mbali, na zile tatu zinazotundikwa juu karibu na kondakta kwa mpango uitwao mti wa Decca, ambao kampuni ya rekodi ya Decca iliuendeleza katika miaka ya 1950. Kuamua uchukue kiasi gani cha kila seti ndiyo nusu ya kazi ya mtu anayetayarisha okestra kwa kompyuta. Ukizidisha za karibu, wapigaji wanakuwa kila mmoja amekaa chumbani kwake. Ukizidisha za mbali, maneno ya fidla yanayeyuka. Hukumu hiyo hutegemea kusikia mkia wa mwangwi unapoishia, na hapo ndipo hedifoni za wazi zinapolipa fedha zake.

Kwa majina: Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na bado inatengenezwa, ndiyo kipimo cha wengi kwa usawa wa sauti za katikati, na karibu kila sehemu yake inaweza kubadilishwa ikichakaa. Kwa bajeti yako ikiwa mpya itakupita. HD 560S ya kampuni hiyohiyo, ya omu 120, ni nafuu zaidi na ndiyo ningeitafuta kwanza. AKG K702 ina upana mkubwa wa jukwaa, yaani ala husikika zimekaa mbalimbali, sifa ambayo watu wa okestra huipenda sana, ila mimi naona inatanua zaidi ya ukweli: ukiizoea utaanza kuweka fidla na selo karibu pamoja kuliko inavyostahili. Beyerdynamic DT 990 Pro ni imara, lakini sauti zake za juu zimeinuliwa, hasa kwenye eneo la karibu na Hz 8,000, na fidla kumi na sita zikipanda juu kwa pamoja utachoka mapema. Utazipunguza, na miksi, yaani mchanganyiko wako wa ala zote, itatoka imefifia.

Za wazi zina upungufu mmoja ambao lazima uujue tangu mwanzo. Besi ya chini kabisa huanza kushuka, kwa nyingi kati yake, chini ya Hz 60 hivi. Noti ya chini ya besi kubwa ya nyuzi nne ni Hz 41. Utaisikia, kwa sababu sikio hulijenga umbo la noti kutokana na sauti zake za juu hata pale shina lenyewe linapokuwa dhaifu, lakini hutajua liko kwa kiasi gani. Fungua kipimo cha masafa kwenye programu yako na uache macho yashughulikie eneo la chini ya Hz 60. Ngoma kubwa ya okestra ndiyo mdanganyifu mkuu hapa. Husikii kitu, unaiongeza, na mwenye spika kubwa anatetemeshewa vikombe kabatini.

Mwisho, kushoto na kulia. Kwenye spika, sikio la kushoto husikia pia spika ya kulia, kwa kuchelewa kidogo sana, chini ya milisekunde moja, tena kichwa kikiwa kimepunguza sauti za juu njiani. Kwenye hedifoni hilo halipo: fidla za kwanza zinakaa ndani ya sikio la kushoto, selo na besi ndani ya la kulia, na honi katikati ya ubongo. Usikimbilie kuzisogeza. Sampuli zako zimekwisha kukaa mahali pake kwa namna zilivyorekodiwa ukumbini. Kuna programu ndogo za kuchanganya kidogo njia mbili hizo ili kuiga hali ya spika, wazo ambalo mhandisi wa sauti Benjamin Bauer aliliandikia tangu mwaka 1961. Iwashe unapokagua upana wa jukwaa, kisha uizime kabla ya kutoa faili la mwisho. Ikisahaulika, itaingia katika kazi.

BI RASI (Langoni, Lamu)

Namheshimu kaka Fundi, na katika habari ya sauti za katikati sina la kumpinga. Ila naona amejibu swali la mtu anayekaa Malindi nyumba ya pembeni yenye bustani. Mimi hurekodi kaswida na vikundi vya akina mama hapa Langoni, na nasema ukweli kwamba Lamu usiku haina utulivu ambao hedifoni za wazi zinauhitaji. Jirani ana feni ya dari inayolia, wa upande wa pili anatazama mpira hadi saa sita, umeme ukikatika jenereta za nyumba za wageni huwaka, na msimu wa kusi upepo haukomi kupapasa makuti ya juu. Kuta ni nene, nakubali, lakini madirisha yetu ni ya mbao na hewa lazima ipite, au utaiva humo ndani.

Kwa muziki wa kawaida kelele hizo zinazama. Okestra ina vifungu vya chini mno: tofauti baina ya fidla zinazonong'ona na ala zote za shaba zikipulizwa kwa nguvu inaweza kupita desibeli 50. Ukiwa na hedifoni za wazi na feni ya jirani, ule unong'ono unauawa, nawe unafanya nini? Unapandisha kitufe cha sauti. Ukishapandisha kwa ajili ya kifungu cha chini, kifungu cha juu kinakujia masikioni bila huruma. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni mbili. Ndugu yetu anafanya kazi usiku kucha. Afikirie masikio yake kabla ya jukwaa la fidla.

Tena kuna huo udi. Hedifoni za wazi zinavuja, kwa hiyo okestra unayoisikiliza huku ukipiga itaingia kwenye maikrofoni ya udi, na ikiingia haitoki. Mimi ningechukua Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80, ya kuziba, au Sony MDR-7506 ambayo imekuwa studioni tangu mwaka 1991 na bei yake haiumizi.

Niongeze jambo ambalo kina kaka hawaliandiki. Hedifoni za kuziba hutegemea mto wake kugandamana na ngozi. Kitambaa kikipita kati, au mkono wa miwani, hewa hupenya na besi huvuja kwa kiasi unachoweza kukisikia waziwazi. Ninapokuwa na watu studioni huvaa hedifoni kwanza, mito ikakaa juu ya sikio tupu, kisha mtandio ndio unaofuata juu ya kila kitu. Ukiufunga mtandio kwanza na kuweka hedifoni juu yake, utakuwa unasikiliza hedifoni nyingine kabisa. Wenye kofia nao waangalie ukingo wa kofia usishuke hadi chini ya mto.

Na kwa hewa yetu ya chumvi: chagua mito ya mahameli ukiweza. Ya ngozi bandia huchubuka, vipande vyeusi vikabaki masikioni, na sifongo ya ndani hugeuka unga. Ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Plagi uifute kwa kitambaa kikavu, usiiache ikashika kutu ya kijani ndani ya tundu la intafesi.

NAHODHA (Shela)

Mnamzungusha bure kijana. Kwa 35,000 apate spika ndogo mbili, aziweke kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, amalize. Wazee wetu walijenga zile kuta zenye vidaka vingi, na mwangwi wake ni mzuri kuliko studio nyingi za Nairobi. Hedifoni zinaua masikio.

MWALIMU WA FIZIKIA (Lamu)

Bwana Nahodha, zidaka ni mapambo ya thamani na kweli husambaza sauti za juu, kwa kuwa kingo zake na kina chake vinakaribia urefu wa mawimbi ya sauti hizo. Kwa besi hazina msaada. Vyumba vyetu vya kizamani vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Chukua upana wa mita 2.8. Katika joto la nyuzi 30 sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la kwanza litakalosimama baina ya kuta hizo mbili lina masafa ya takriban Hz 62, na urefu wake ni mita tano na zaidi. Kidaka cha kina cha shubiri moja hakiligusi. Hz 62 ipo karibu kabisa na noti ya chini ya selo, ambayo ni Hz 65. Maana yake, ukikaa karibu na ukuta, selo na besi kubwa zitanguruma kuliko zilivyo. Ukikaa katikati ya chumba, noti hizohizo zitatoweka. Ukuta wa matumbawe hauli sauti za chini kwa kiasi cha maana. Ndugu Mshona Noti amefanya vyema kuanza na hedifoni, hata kama baadaye atanunua spika za kukagulia.

Sasa habari ya omu, ambayo haijajibiwa. Omu ni kiasi cha ukinzani wa koili ya hedifoni dhidi ya umeme unaoingia. Nguvu inayofika ni volti mara volti, ukigawa kwa omu. Tuseme intafesi yako inatoa volti moja. Hedifoni za omu 32 zitapata miliwati 31. Za omu 80 zitapata 12.5, za omu 250 zitapata 4 tu. Kwa hedifoni za muundo mmoja, kama DT 770 Pro inayouzwa kwa omu zote tatu hizo, tofauti baina ya 32 na 250 ni karibu desibeli 9 kwa kitufe kilekile. Si kwamba za 250 ni mbovu. Zinahitaji volti nyingi, na intafesi ndogo inayokula umeme wa USB pekee mara nyingi haina volti nyingi za kutoa.

Lakini omu peke yake haitoshi, na wauzaji hupenda kunyamaza hapa. Angalia pia wepesi wa hedifoni, yaani desibeli inazotoa kwa kiasi fulani cha umeme. AKG K702 aliyoitaja Fundi ni ya omu 62, namba inayoonekana ndogo, na bado ni nzito kusukuma. Upande wa pili, kuna ukinzani wa tundu lenyewe la intafesi. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Ukizidi, umbo la sauti hubadilika, hasa besi, kwa kuwa ukinzani wa koili si uleule katika kila masafa. Tafuta karatasi ya vipimo ya intafesi yako. Ikiwa tundu lina omu 10, hedifoni za 80 na kuendelea ziko salama, na za 32 haziko.

Kwa okestra nasisitiza ziada ya nguvu kuliko kwa muziki mwingine. Wimbo wa redio umebanwa, sauti yake ya wastani iko karibu na kilele. Okestra ambayo haijabanwa ina wastani wa chini sana, kwa hiyo utafungua kitufe mbali zaidi ili kusikia vifungu vya kawaida, na vilele vikija amplifaya dhaifu hupasua sauti. Utadhani sampuli za shaba ni mbovu.

MSHONA NOTI

Shukrani nyingi kwenu nyote, na Bi Rasi nakushukuru zaidi kwa habari ya kofia, kwa sababu ndivyo ninavyokaa kila usiku. Nimetazama karatasi ya intafesi yangu: tundu lina omu 10, ila volti hawakuziandika, wameandika tu kwamba "linafaa kwa hedifoni zote".

Nimepata mambo mawili. Kuna mtu Mombasa anauza DT 770 Pro ya omu 250 iliyotumika, kwa 14,000. Na kuna duka la Nairobi lenye HD 560S mpya ambayo, pamoja na kuletewa, itamaliza karibu fedha yote. Nikichukua ya kwanza itabaki fedha ya amplifaya ndogo. Nielekee wapi? Na ile kelele ya usiku aliyoitaja Bi Rasi ipo kweli, ingawa chumba changu hakina dirisha la kichochoroni. Mlango wake unafungukia msana tu, yaani ukumbi mrefu wa ndani ya nyumba.

FUNDI WA SAUTI (Malindi)

Chumba kisicho na dirisha la nje kinabadilisha hesabu, na hata Bi Rasi nadhani atakubali. Fanya jaribio rahisi kabla ya kutoa shilingi moja: keti chumbani saa unazofanyia kazi, zima feni yako, na usikilize. Ukisikia kompyuta yako kabla ya kusikia kitu cha nje, hedifoni za wazi zitakufaa, na adui wako ni feni ya kompyuta, ambayo unaweza kuisogeza mbali kwa waya mrefu. Ukisikia televisheni ya jirani neno kwa neno, mfuate dada yetu.

Tukichukulia kwamba ni kimya, ningetoa fedha kwa HD 560S. Omu 120 kwa tundu la omu 10 ni sawa kwa kanuni ya Mwalimu, na si nzito kusukuma, hivyo amplifaya inaweza kusubiri. Zile hedifoni zako za sasa zenye besi nyingi usizitupe: ni za kuziba, na kwa kurekodi udi huhitaji usawa wa sauti, unahitaji tu kusikia mdundo bila kuvujisha. Hoja ya Bi Rasi kuhusu maikrofoni imejibiwa na kitu unachokimiliki tayari.

Ile DT 770 ya omu 250 kwa 14,000 si bei mbaya ikiwa ni halisi. Majina makubwa haya yana bandia nyingi, na kwenye picha huwezi kuzitambua. Mwombe muuzaji picha ya namba ya usajili, na umtume ndugu wa Mombasa azivae asikilize kila upande peke yake, kwa noti moja ya fidla iliyoshikiliwa muda mrefu, kwa sababu kiwambo kilicholegea hukoroma kwenye noti ndefu hata kama kwenye ngoma husikii kitu. Lakini ukishanunua na amplifaya juu yake, umetumia karibu kiasi kilekile na umebaki na za kuziba mbili.

Kwa sauti ya usiku, weka alama ya kalamu kwenye kitufe cha intafesi na ufanyie kazi hapo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi sauti inapopungua. Ukifanya kazi leo chini na kesho juu, kila usiku utakuwa unaisahihisha besi ya usiku uliopita. Alama iwe mahali ambapo okestra nzima ikipiga kwa nguvu hupati hamu ya kuipunguza. Vifungu vya chini viache viwe chini. Usivifuate na kitufe.

Kabla ya kuanza kuhukumu kazi yako mwenyewe kwa hedifoni mpya, sikiliza kwanza rekodi za okestra halisi unazozipenda, kwa alama hiyohiyo, hadi uzoee selo zinakaaje humo. Sikiliza pia rekodi za taarabu ya okestra za Zanzibar, kama za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905. Fidla kadhaa, akodiani, kanuni (ile ala ya nyuzi) na udi vyote vinagombania eneo moja la katikati, na hedifoni ikikuwezesha kuufuata udi peke yake ndani ya msongamano huo bila kukunja uso, itakuwezesha kuifuata viola, ala ambayo katika okestra za kompyuta hupotea kila mara.

BI RASI (Langoni, Lamu)

Kama mlango ni wa msana, sina ubishi. Ila kaka, ukiagiza Nairobi waambie wafunge boksi kwa plastiki kabla ya mzigo kufika Mokowe, kule bara unakopandishwa boti. Kwenye boti bahari ikichafuka mizigo hukaa chini na maji huruka juu yake, na boksi la karatasi halina ubishi na maji ya chumvi. Ukishazipokea, zivae na ufungue faili moja ya zamani ambayo uliona imekamilika. Usiiguse, isikilize tu yote, uandike kwenye karatasi yanayokukera. Mengi utakayoyaandika yatakuwa kuhusu besi.